Kisii Haina Pupa

Wanaobeza mipango ya kuufufua mji wa Kisii hawaijui thamani ya subira. Paris ilikuwa na Haussmann, mtu wa pupa: alianza kubomoa 1853, na alipofutwa kazi 1870, mji ulikuwa hautambuliki. Kisii, ambako Waingereza walifungua kituo chao 1907, haiwezi kuiga utovu huo wa adabu.

Fahari yake ni makaratasi. Tangu ugatuzi uingie, kaunti huandika mpango jumuishi wa miaka mitano: 2013 hadi 2017, 2018 hadi 2022, na sasa 2023 hadi 2027. Ni vitabu vinene, na jalada la kitabu halishiki tope.

Siku ya soko pale Daraja Mbili, ufanisi unajionyesha wenyewe. Mama amepanga mikungu ya ndizi kwenye gunia ukingoni mwa barabara, mguu mmoja mtaroni. Lori linampita karibu na goti. Hasogei, anahesabu chenji. Katiba ya 2010 ilidai ushirikishwaji wa umma, na hapa umma umeshirikishwa hadi katikati ya lami.

Nyamira, jirani mwema, inaweza kuja kujifunza bila nauli kubwa.

Mwenye haraka aitazame Dodoma: iliteuliwa kuwa makao makuu 1973, serikali ikaanza kuhamia kwa kishindo 2016. Kwa hesabu hiyo, waliosubiri Kisii tangu 2013 wana muda hadi 2056, na katikati hapo watapata mipango mingine sita ya kujisomea.