Uadilifu kwa Hiari: Mwongozo kwa Tajiri wa Mitumbwi

Tajiri wangu, najua mitumbwi yako inalala kisiwani Rukuba, kata ya Etaro, na kwamba kila ukisikia boti ya doria unapoteza hamu ya ugali. Shida yako ni moja: bado uko upande wa lazima. Sangara wa chini ya sentimita 50 ni kosa. Nyavu za kokoro ni kosa, nyavu za timba ni kosa. Operesheni ya 2018 dhidi ya uvuvi haramu ilipopita ziwani, nyavu zilichomwa moto hadharani, na hakuna mvuvi aliyeulizwa kama angependa kujiunga na Sheria ya Uvuvi ya 2003. Mwongozo huu utakuhamishia upande wa pili, wanakoishi wakubwa. Huko uadilifu ni wa hiari.

Kwanza acha kuwa mtu, uwe kampuni. Mtu huvunja sheria. Kampuni hukabiliwa na changamoto.

Kisha chagua kanuni, maana zipo za kila kimo. Global Compact ya Umoja wa Mataifa ndiyo maarufu zaidi. Kofi Annan aliitoa kama wazo kule Davos mwaka 1999, ikazinduliwa Julai 2000 ikiwa na kanuni tisa. Ya kumi, ya kupinga rushwa, iliongezwa 2004. Ikiwa Umoja wa Mataifa wenyewe uliikumbuka rushwa baada ya miaka minne, wewe una haraka gani? Ukitaka ya nyumbani zaidi, Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) lina kanuni za uvuvi wenye uwajibikaji tangu 1995. Ibara ya kwanza inasema kanuni hizo ni za hiari. Ukifika hapo unaweza kufunga kitabu.

Sasa ripoti. Hili lisikupite, kwa sababu kampuni nyingi zinazofutwa Global Compact zimefutwa kwa kutoleta ripoti. Dhambi kubwa ni kunyamaza. Piga picha mwaloni asubuhi, kokoro likiwa limeshafichwa, mama akianika dagaa kwenye chanja. Wanaoanika mchangani wasogee pembeni kidogo. Andika "mnyororo wa thamani" mara nyingi uwezavyo, lakini usieleze pingili zake: minofu inakwenda Ulaya, mabondo yanakwenda China, mapanki yanabaki kwetu.

Kwa mafunzo ya vitendo huhitaji kutoka mkoani. Panda gari hadi Nyamongo, Tarime, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mwaka 2000 serikali za Marekani na Uingereza, pamoja na kampuni za mafuta na madini na mashirika ya kiraia, zilitunga kanuni za hiari za usalama na haki za binadamu, ili ulinzi wa migodi usigeuke balaa kwa majirani. Barrick, wenye hisa nyingi katika kampuni iliyouendesha mgodi huo, walikubaliwa kujiunga na kanuni hizo 2010. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwafyatulia risasi watu walioingia mgodini, ambao kampuni iliwaita wavamizi, na watu wasiopungua watano wakafa. Mwezi mmoja kamili baadaye, 16 Juni, Baraza la Haki za Binadamu kule Geneva likaridhia kanuni nyingine, Kanuni Elekezi za Biashara na Haki za Binadamu.

Hapa, Tajiri, kejeli inanikauka mdomoni, basi niseme wazi. Mwaka 2013 wanavijiji walipeleka madai yao London, wakidai fidia kwa vifo na majeraha ya mgodini. Hawakubeba nakala ya kanuni za hiari. Walibeba mawakili. Mwaka 2015 shauri likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Ukitaka kujua kampuni inaogopa nini, usisome ripoti yake, tazama ni mlango gani ukibishwa inatoka.

Turudi kazini. Utaulizwa kuhusu "utaratibu wa malalamiko". Tundika sanduku ofisini kwako Musoma mjini, wala si kisiwani. Kibarua wa Rukuba aliyepunjwa mgawo atalipa nauli ya boti kwenda na kurudi ili alalamike, na akipiga hesabu ataona kulalamika ni hasara. Ufunguo mpe msimamizi wa mitumbwi. Mwisho wa mwaka andika kwa herufi nzito: malalamiko yaliyopokelewa, sifuri.

Mgeni wa Ulaya anayekuja kukagua akisisitiza kufika kisiwani, mwambie ziwa limechafuka. Akisubiri litulie, mpeleke kwa kijana wako mmoja ambaye nyavu zake zilichomwa, akamwoneshe nyavu mpya za matundu halali. Nyavu hizo umempa kwa mkopo, unaukata kwenye mgawo wake kila wiki. Kwenye ripoti ziandike chini ya kichwa cha habari "Msaada kwa jamii".