Baraka za Kilo Mia

Ukiwa Songea, kabla hujamwomba Mungu baraka, uwe umeshafikiria utaziweka wapi. Huku kwetu baraka hupimwa kwa gunia, na gunia ni debe sita. Mvua ikianza vizuri Desemba, ikatusindikiza hadi Aprili bila kutuchezea, ifikapo Julai nyumba nyingi za Lizaboni hazina pa kukanyaga.

Kuna mwaka mmoja mvua haikutuchezea. Mume wangu, aliyekuwa akisali rozari kwa nia ya mbolea ya kukuzia, alijibiwa maombi yote kwa mpigo. Stoo ikajaa, korido ikajaa, magunia ya mahindi yaliyobaki yakaja sebuleni. Yalipangwa ukutani hadi yakaifunika picha ya harusi yetu kutoka mabegani kushuka chini, tukawa tunachungulia kutoka ndani ya mahindi. Makochi yakahamia nje, chini ya mwembe. Na bei? Kila mtu akiwa na mahindi, anunue nani? Mchuuzi mmoja alikuja, akachoma gunia, akatazama, akataja bei yake. Mume wangu akamuuliza kama hiyo ni ya gunia au ya kamba ya kulifungia.

Basi tukabaki na baraka zetu. Usiku ukitulia unasikia kru, kru, kru. Dumuzi huyo. Si mwenyeji: asili yake ni Amerika ya Kati, kwetu alionekana kwanza Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970, na wenyewe wa huko wakampachika jina la Skania, lile lori, kwa jinsi anavyosomba. Mume wangu akawa anaamka na tochi, anatega sikio gunia moja baada ya jingine. Sala ya usiku ilifupishwa ili tumsikilize mdudu.

Ndipo zamu ya jumuiya ikatufikia. Jumuiya ndogondogo hizi, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo mwaka 1976, husali nyumba kwa nyumba, na sisi tunasali Jumamosi alfajiri. Alfajiri ya Julai hapa Songea meno yanagongana. Huwezi kumkalisha mgeni chini ya mwembe.

"Tumsifu Yesu Kristu!"

"Milele, amina. Karibuni, karibuni magunia."

Wazee wakapewa safu ya chini, vijana wakapanda. Katibu, kijana mwenye mwili wake, akaishia karibu na dari, daftari la michango mkononi.

Baada ya Injili, mwenyekiti akaomba tushukuru kwa baraka za mwaka. Akaanza mama mkwe wangu. Huyu alifunzwa sala na masista wa Peramiho, na nadhani moyoni anaamini kwamba tangu Wabenediktini wafike pale mwaka 1898 hajatokea wa kumzidi. Alishukuru kwa uhai, akashukuru kwa wajukuu, kila mmoja kwa jina la ubatizo, akafika kwenye mbuzi. Katikati ya mbuzi, gunia alilokalia mwenyekiti likapasuka. Kumbe panya walishalimaliza kwa upande wa ukutani. Mahindi yakaporomoka sakafuni kwa kishindo, naye mwenyekiti akashuka nayo polepole, kwa heshima zote, Biblia ameiinua juu isiguse chini.

Mama mkwe hakufumbua hata jicho.

"Na tunakushukuru, Bwana," akaendelea, "kwa mvua hii unayotunyeshea sasa."

Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Tukaitika amina, mabega yakitikisika.

Ikaja zamu ya watoto. Kitinda mimba wangu akasimama, mikono nyuma. "Namshukuru Mungu kwa wageni. Wakija, mama anatia maziwa kwenye chai, na baba haongei habari za bei."

Mimi nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri kuhusu afya na amani ya ndoa. Yakanipotea. Majirani walishapiga magoti, wanazoa mahindi kwa viganja kuyarudisha kwenye debe, mmoja anamchambulia mwenyekiti punje kutoka kwenye kola ya koti. Nikatazama darini. "Namshukuru Mungu," nikasema, "kwamba halikuwa gunia la katibu." Nilimaanisha kabisa, chini yake alikaa mama mkwe.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya shukrani ya mavuno. Waumini wote walikuja na mahindi: debe, nusu gunia, gunia zima juu ya bodaboda. Kabla ya baraka ya mwisho, paroko alitushukuru sana, akakohoa kidogo, akasema ghala la parokia limejaa na korido pia, hivyo ambaye bado hajatoa anaweza kuleta maharage, alizeti, au, Mungu akimjalia, fedha taslimu.

Mume wangu akaniinamia sikioni, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuvune.

"Umesikia, mama? Hata padre anaruka magunia akienda kulala."