Nyabugogo Kila Mtu Fundi Springi

Paki Yaris kuukuu karibu na stendi ya Nyabugogo, Kigali, halafu bonyeza bodi kwa nyuma. Kabla haijamaliza kunesa umeshazungukwa na washauri: dereva wa pikipiki, kondakta wa basi la Musanze, mpaka mama aliyebeba kabichi zake kutoka sokoni. Na ushauri wao wote ni mmoja: kaza springi!

Jamani, gari lenyewe halifiki hata tani moja. Nikiwa peke yangu, kila tuta linanirusha. Jumapili tukijaa watu watano, tufanye kilo 70 kila mmoja, hizo ni kilo 350. Fuso halina habari nazo, ila kwa Yaris ni zaidi ya theluthi ya gari zima! Springi hizohizo zinifae mimi peke yangu na zimfae mama mkwe na gunia lake la viazi. Wala sitafuti mbio. Kamera za barabarani, tunazoziita Sofia, zinanitosha. Nataka tu kushuka mteremko wa Muhima nikate kona bila gari kulala.

Fundi wangu wa Gatsata ana dawa mfukoni. “Bosi, tuchomeke vipira kwenye springi.”

“Fundi, kipira kikibana pale, sehemu ya springi haifanyi kazi tena, inayobaki inakuwa ngumu. Nani ataituliza? Shokapu hii inayovuja mafuta?”

“Lakini bosi, litasimama juu.”

Hapo ndipo penyewe. Kigali hii kila kigari kinataka kusimama kama Land Cruiser. Ukishakiinua, alaimenti imekwenda na maji: usukani unavuta, tairi zinalika upande mmoja, na kwenye kona kinalala kuliko mwanzo.

Upepo wa tairi nao usiseme. Kibandiko cha mlangoni kinataka 32, kijana wa kompresa anajaza 40, “kwa ajili ya mzigo.” Tairi ndiyo inayopokea shimo kabla ya springi, sasa ikiwa ngumu vile, barabara ya mawe yote naisikia kwenye meno. Kupunguza upepo ni bure, labda ndiyo maana hakuna anayenishauri.

Nikamwambia fundi atoe shokapu za nyuma, aweke mpya zote mbili.

“Inayovuja ni moja, bosi.”

“Mbili. Moja mpya na moja mfu, mkia utakwenda kivyake.”

Akalibonyeza gari, akalisikiliza linavyokoroma, akatikisa kichwa kwa huruma.

“Sawa bosi, mbili. Na vipira?”