Sifa za Oili Iliyokunywa Maji

Farasi wamesifiwa, majahazi yamesifiwa, hata daladala zimepata watu wa kuzipamba kwa maneno ya nyuma. Lakini ule mchanganyiko wa oili na maji unaozaliwa ndani ya injini ya gari kuukuu haujapata mtetezi hata mmoja. Ukionekana, watu hushika kiuno, huinama chini ya boneti, kisha husema maneno ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Huo ni utovu wa shukrani, na leo nimesimama kuuombea haki yake.

Tazameni kwanza ulichoweza. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba maji na mafuta hayapatani, na walimu wa sayansi wakatuonyesha kwa glasi. Mchanganyiko huu haukuhudhuria kipindi hicho. Unachukua oili nyeusi na maji ya rejeta, unavipiga kwa krenki inayozunguka mara elfu mbili kwa dakika, na baada ya safari moja tu unakukabidhi kitu kizito cha rangi ya chai ya maziwa, kilichotulia, kisichotaka kuachana. Mabaraza ya usuluhishi ya kata yangepata nusu ya ufanisi huo, mahakama zingefungwa.

Nasaba yake nayo si ya kubeza. Baba yake ni joto, mama yake ni uzembe, na nyumba aliyozaliwa ni gasketi ya silinda hedi. Chini kuna bloku ya chuma, juu kuna hedi ya aluminiamu, na katikati yao imelala hiyo gasketi, nyembamba, imekabidhiwa kutenganisha moto wa silinda, maji ya kupozea na oili visijuane. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo kila asubuhi gari linapowashwa na kila jioni linapozimwa, hedi na bloku husuguana, na gasketi huvumilia hayo miaka ishirini bila kupandishwa cheo. Kisha siku moja maji yanapungua katikati ya Mlima Kitonga, mshale wa joto unapanda, na dereva anawaambia abiria, "Tusogee tu, Ilula si mbali." Hedi inapinda. Gasketi inaungua. Mtoto amezaliwa.

Wakunga wake ni wengi, na wanastahili kutajwa. Yupo anayejaza rejeta maji ya bomba mwaka hadi mwaka kwa kuwa kulanti "ni ya nchi za baridi", ilhali kazi yake nyingine ni kuzuia kutu isile aluminiamu na pampu ya maji. Yupo fundi anayeng'oa thamostati na kuitupa kwa sababu nchi yetu ina joto la kutosha. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno hutengeneza matope ndani ya oili, na zipo injini ambazo bila thamostati maji hupita njia ya mkato yasifike kwenye rejeta ipasavyo, zikachemka zaidi. Na wapo wahandisi waliotusaidia tangu kiwandani: injini ya dizeli ya 1KZ-TE, iliyobebwa na Prado na Surf za miaka ya 1990, ina hedi iliyojipatia jina kwa nyufa.

Nikizungumzia uadilifu wake, sijui nianzie wapi. Injini ikiwa inanguruma barabarani, presha ya oili hufika baa tatu au nne, wakati kifuniko cha rejeta huachilia maji kwenye baa moja hivi. Basi oili ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukizima gari, presha ya oili inashuka hadi sifuri mara moja, lakini maji bado yana moto na presha yake, nayo yanapata zamu ya kuingia kwenye oili. Mchana huyu, usiku yule. Nyumba nyingi za wake wawili hazijafikia mgawanyo huo.

Tena ni mkweli katika gari lisilo na mkweli mwingine. Mshale wa joto hudanganya: maji yakiisha kabisa, kipimo chake huning'inia hewani na kinaweza kusoma kama mambo ni shwari. Dalali hudanganya kwa sababu ndiyo kazi yake. Mwenye gari hudanganya kwa sababu anataka kununua jingine. Mchanganyiko huu peke yake husema wazi kwa kila anayechomoa kijiti cha kupimia oili. Nakiri kwamba una ndugu mdogo wa kumsingizia: gari la safari fupifupi za Njombe au Lushoto hujipatia utando mweupe chini ya kifuniko cha oili kwa sababu ya mvuke tu, bila gasketi kuwa na kosa. Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara haishii kwenye kifuniko. Anachomoa kijiti, anachungulia tangi la kulanti, ndipo anaanza kulia.

Na wakarimu ni wachache namna hii. Hula naye fundi, hula mwenye mashine ya kusawazisha hedi, hula duka la spea la Kariakoo, hula kijana wa bodaboda anayetumwa mara tatu kwa kuwa gasketi mbili za kwanza hazikuwa za injini hiyo. Mama ntilie wa jirani na gereji huongeza sufuria.

Humpima pia fundi. Asiye na subira husikia tu neno "maziwa" na kutamka, "Bosi, tufungue hedi." Mwenye subira huuliza kwanza kama injini ina kipozea oili kinachotumia maji, kwa maana kikitoboka hutoa uji uleule na hedi haina hatia. Akikuta rangi ya waridi kwenye maji ya gari la otomatiki, anaelekea chini ya rejeta, mahali oili ya giaboksi inapopozwa. Na hapo hataki gari liwashwe tena, kwa sababu maji huharibu gundi inayoshika bitana za klachi ndani ya giaboksi. Anajaza presha kwenye rejeta kwa pampu ya mkono na kuiacha, atazame inakoshukia. Anapitisha hewa ya rejeta kwenye kile kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na moshi wa silinda. Ndipo anagusa spana.

Hedi ikishuka, anaweka rula ya chuma juu yake na kupitisha kipimo chembamba cha milimita 0.05; kikipita pasipotakiwa, hedi inakwenda kupigwa fesi, na kabla ya kulipia fesi inajaribiwa presha isije ikawa na ufa. Bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana yenye kipimo. Yupo anayekaza kwa hisia za mkono, na kwa heshima ya mada yangu simlaumu: ndiye anayehakikisha tutakutana tena. Vivyo hivyo anayemimina yai bichi kwenye rejeta ili lizibe ufa. Huziba kweli, ila huanza na mirija ya hita.

Kinachobaki ni kuoga. Njia za maji husuuzwa kwa sabuni mara nyingi kuliko mtu anavyotarajia, mipira ya rejeta iliyolewa oili na kuvimba hutupwa, oili mpya hutiwa, gari huzungushwa kidogo, kisha oili hiyo nayo humwagwa ikiwa bado inang'aa na mwenye gari akitazama pembeni. Beringi za krenki zilizoogelea kulanti kwa muda mrefu hazisameheki; injini hunoki baadaye, na hapo ndipo husikika habari za injini ya mtumba.

Lakini hata gari likipona, mchanganyiko haumtupi mwenyeji wake. Matone machache ya oili huendelea kuelea kwenye tangi la kulanti kwa wiki kadhaa, na kwa ajili ya matone hayo mwenye gari ataamka kabla ya adhana, atafungua boneti kwa tochi ya simu, atachomoa kijiti, atakifuta, atakichomeka, atakichomoa tena. Mama mkwe wake, anayeishi mtaa wa pili, hajawahi kujuliwa hali mapema hivyo.