Manahodha 3,080

Wahenga walionya: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Minnesota Aurora, klabu ya soka ya wanawake Marekani, iliuza hisa kwa umma ikapata wamiliki 3,080 na takriban dola milioni moja. Chombo hakikuyumba: mwaka 2022, msimu wake wa kwanza, kilifika fainali ya ligi yake bila kupoteza mechi, kikalala 2-1 mbele ya South Georgia Tormenta katika muda wa nyongeza. Raha iliyoje! Wenye timu ni maelfu. Anayeichezea uwanjani, mara nyingi mwanafunzi wa chuo, hana mshahara. Klabu ikapiga hodi ligi kuu ya kulipwa. Miongoni mwa walioambiwa karibu ni Bay FC ya California, kwa kiingilio cha dola milioni 53. Hodi nayo ina bei.