Shangazi wa Kasulu Anajibu: Krismasi ya Mfuko Mwepesi

Barua za mwezi huu zote zinalia kilio kimoja: hela hakuna na ndugu ni wengi. Sishangai. Huku kwetu juu Krismasi inatukuta pabaya. Mahindi bado ya kijani, maharage ya zamani yamekwisha ghalani na mapya yako shambani, mbolea imekula akiba, na Januari imeshakaa mlangoni na orodha yake ya sare, madaftari na michango. Aliyeipanga sikukuu hii mwezi wa kumi na mbili hakuwashirikisha wakulima wa huku kwetu Buha. Tuanze.

*Shikamoo Shangazi. Nimeoa mwezi wa sita, binti wa Busunzu, Kibondo. Krismasi hii ndiyo ya kwanza kwenda ukweni. Nina elfu thelathini, na humo humo kuna nauli. Rafiki yangu ananishauri ninunue saa ya ukutani, ile yenye picha ya maporomoko ya maji yanayowaka taa. Niichukue?*
*Mkwe Mwenye Jasho, Kasulu Mjini*

Marahaba mwanangu. Saa iache hapo hapo dukani. Betri itakufa kabla ya Pasaka, na kuanzia hapo mzee atakaa sebuleni kila jioni akiitazama mishale iliyosimama saa nne na robo, na kila akiitazama atamkumbuka aliyeileta. Ukweni hupeleki kitu cha kudumu mpaka uwe na uhakika kitadumu. Peleka kinacholiwa. Kikiisha, wanabaki na kumbukumbu nzuri na hakuna ushahidi wa kukushtaki.

Nunua chumvi. Usicheke, nisikilize. Watu wa nchi hii, na wengine kutoka Burundi, walikuwa wakitembea siku nyingi kwenda Uvinza kuchemsha maji ya chemchemi zile na kurudi na chumvi mgongoni. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta dalili kwamba kazi hiyo inafanyika tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Chumvi ilikuwa mali: ilinunua mbuzi, ilinunua jembe. Leo unaiokota sokoni kwa hela ya soda, na mama mkwe hawezi kuikataa kwa sababu hakuna jiko lisilomaliza chumvi. Mzee wake akiwa mpenda historia, hadithi unayo ya kumpa pamoja na pakiti. Akiwa si mpenda historia, nyamaza, mpe pakiti.

Juu ya chumvi ongeza mawese. Michikichi mingi iko bondeni, kuelekea ziwani. Hadi yafike Kibondo mawese yamepanda gari na bei nayo imepanda. Wewe uliye Kasulu uko karibu na chimbuko, basi tumia nafasi hiyo. Chupa mbili zinatosha. Kisha dagaa wa Kigoma, lakini wachague mwenyewe: shika kiganja kimoja, vunja mmoja katikati, nusa. Dagaa mzuri anavunjika kwa sauti. Akijikunja kama uzi, alinyeshewa akiwa kwenye kichanja, na atakuaibisha ndani ya sufuria mbele ya mashemeji wote.

Sasa siri yenyewe. Usibebe vitu hivyo kwenye mfuko wa plastiki wala kwenye boksi. Tia kwenye kikapu. Kwetu kikapu cha mgeni hakirudi kitupu. Mama mkwe atakutilia karanga, au viazi, au, kama binti yake ameongea vizuri juu yako, kuku. Boksi halina haki hiyo. Boksi linawashiwa moto.

*Shangazi, wifi yangu wa Kitahana, Kibondo, alinipa chupa ya asali Krismasi iliyopita. Imeganda, imekuwa kama samli. Majirani wanasema ametia sukari. Mwaka huu nataka kumrudishia chupa hiyo hiyo, nimeifunga karatasi ya maua. Nimekosea?*
*Mwenye Kinyongo, Murubona*

Umekosea, tena sana, na hao majirani zako washukuru sikuandika majina yao. Asali halisi huganda. Ni tabia yake, hasa sehemu yenye ubaridi kama kwetu, na kuganda hakuthibitishi wizi. Chukua sufuria ya maji ya moto, itoe jikoni, iweke chupa humo mpaka ilegee. Usiiweke chupa juu ya moto na usiichemshe, utaua ladha na harufu ya miombo iliyokusafiria toka Kibondo. Kisha mwite wifi mnywe naye chai.

Na kwa kuwa umeligusa: asali ni zawadi nzuri kwa karibu kila mtu mwaka huu. Bibi, mwalimu, shemasi, fundi aliyekukopesha. Mmoja tu asipewe, mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata tone la kulamba kidoleni. Waganga wa hospitali wanakataza kwa sababu yaweza kumletea sumu tumboni ambayo mtu mzima haimpati. Mtoto huyo mpe nepi. Mama yake atakuombea.

*Kwaya yetu tunavuta majina. Kila mtu anamnunulia mwenzake kitu cha elfu tano. Miaka yote mimi hupewa kikombe. Nina vikombe vya kufungua mgahawa. Nisaidie.*
*Sauti ya Pili, Kasulu*

Dada yangu, tatizo lako si kikombe. Ni elfu tano. Kiasi hicho ni kikubwa mno kununua pipi na kidogo mno kununua kitu cha maana, kwa hiyo watu wazima wote wenye akili huishia kwenye rafu moja ya duka moja, mbele ya vikombe vilevile vyenye waridi.

Toa hoja hii kwenye mazoezi ya Alhamisi: mwaka huu hakuna kununua. Kila mtu aandike kwenye kikaratasi kazi moja atakayomfanyia aliyemvuta. Tuko Desemba, mashamba yote yanalilia palizi. Nani asiyetaka kufungua bahasha akute "siku moja ya palizi, nitakuja na jembe langu"? Anayejua kushona ashone. Mwenye pikipiki ampeleke mwenzake zahanati mara mbili bila kumdai mafuta. Kuna kwaya moja nijuayo walijaribu, na mwenyekiti, mtu mwenye tumbo la heshima, akavuta jina la mama mjane mwenye ekari moja na nusu ya maharage. Alipalilia. Watu walipita njiani makusudi kuangalia. Besi mpaka leo wanasema hawajawahi kupata burudani kama ile, na haikuwagharimu senti.

Masharti mawili tu: kazi itajwe na tarehe, na ifanyike kabla ya Februari. Ahadi isiyo na tarehe ni kikombe kingine.

*Auntie, nipo Dar, narudi Kibondo tarehe 22. Mama nimletee nini? Nimeona jagi la umeme la kuchemshia maji, bei poa.*
*Kijana wa Tegeta*

Jagi hilo kila akilichomeka atakupigia umtumie Luku. Lete viungo: iliki, karafuu, pilipili manga, mdalasini, vya kutosha sufuria kubwa. Ni vyepesi, havivunjiki, havilipiwi mzigo, na Krismasi isiyo na pilau huku ni ibada ndefu tu. Kama una nafasi ongeza korosho kidogo. Na ukifika, uwe wewe wa kuchota maji asubuhi ya sikukuu, usilale kama mgeni.

*Jirani yangu ni Mwislamu na mtu mwema sana, alinisaidia kuvuna. Nataka kumpa zawadi ya Krismasi ila sijui kama ni adabu.*
*Mkristo wa Mabamba*

Adabu ipo, na wazee wetu waliimaliza zamani. Asubuhi ya tarehe 25 mpelekee jogoo wako aliye hai, mwombe akuchinjie. Hapo umemheshimu, umekiri kwamba chakula chako ni chake, na mchana yeye na watoto wake watakula kwako bila wasiwasi. Jogoo ulikuwa utamchinja hata hivyo, kwa hiyo gharama ya zawadi ni kutembea hatua chache ukiwa umeshika kuku kichwa chini. Sahani ya nyumba yake itoke ya kwanza, kabla kaka zako hawajafika jikoni. Nawajua kaka zako.

*Mchumba wangu anasema bila simu mpya ya Krismasi tuachane.*
*Moyo Mzito, Makere*

Mpe kitenge na mkono wa kwaheri. Kitenge chenyewe kikate kutoka yadi sita, mama yako apate yadi mbili na dada yako mbili, ili msiba huu uwe na faida.

Nafasi imeniishia. Wewe wa Heru Juu uliyeuliza kama mbuzi wa mkopo anaweza kuwa zawadi: hapana, huyo bado ni mbuzi wa muuzaji, na muuzaji mwenyewe ameniandikia pia akiuliza yuko wapi.