Atomu, kwa Mujibu Wangu

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, mabibi na mabwana: itifaki izingatiwe, nami nizingatiwe zaidi. Mshereheshaji amenitambulisha kama "mdau wa sayansi". Namsamehe. Mdau ni mtu wa kuchangia harusi. Mimi ni Bingwa wa Atomu, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kutafuta chuo chenye hadhi ya kunitunuku na kukikosa.

Nimeombwa nieleze jinsi atomu ilivyogunduliwa. Nitaeleza, lakini mjue mapema kwamba historia hii ni msururu wa watu waliopima vitu wakaumbuka. Mimi sipimi. Ndiyo maana sijaumbuka.

Miaka ipatayo 2,400 iliyopita, kule Ugiriki, Leucippus na Democritus walisema kila kitu kimeundwa kwa chembe zisizogawanyika, zinazorandaranda katika utupu. Maabara hawana, mizani hawana. Wamekaa, wamefikiri, wametamka. Hadi hapo tuko pamoja. Akaja Aristotle akakataa: hakuna utupu, hakuna chembe hizo, vitu vya dunia hii ni udongo, maji, hewa na moto. Akaaminiwa kwa karibu miaka 2,000. Miaka 2,000, ndugu zangu, bila kuosha chupa hata moja! Huyo ndiye msomi.

Mambo yaliharibikia Manchester. John Dalton, aliyeanza ualimu akiwa mtoto wa miaka kama 12, alishikwa na ugonjwa wa kupima uzito wa gesi. Akaona kaboni ikiungana na oksijeni yaweza kutoa gesi mbili, na kwa kaboni ileile, moja ina oksijeni maradufu kamili ya mwenzake. Si mara moja na robo. Maradufu. Mwaka 1808 akachapisha kitabu: kila elementi ina atomu zake, zenye uzito wake, na huungana kwa idadi nzimanzima. Vizuri. Ila maji, kwake, yalikuwa hidrojeni moja na oksijeni moja. Hata mtoto wangu wa sekondari anamcheka.

Na hakukomea hapo. Dalton hakuweza kutofautisha baadhi ya rangi, akaamini kwamba majimaji ndani ya jicho lake yana ubuluu. Akaacha wosia jicho lipasuliwe akifa. Mwaka 1844 akafa, likapasuliwa, majimaji yakakutwa maangavu kabisa, hayana rangi. Mtu yuko ndani ya jeneza na bado anakosolewa! Mimi wosia wangu unahusu shamba tu.

Mwaka 1897, Cambridge, J. J. Thomson alipitisha umeme katika neli za kioo zilizonyonywa hewa, akaipinda miale iliyotokea humo kwa sumaku na kwa umeme. Neli hizo alizitengeneza msaidizi wake, Ebenezer Everett, kwa kuwa mikono ya Thomson ilikuwa hatari kwa kila kinachovunjika. Thomson akakuta miale ni chembe zenye chaji hasi, nyepesi kuliko atomu ya hidrojeni kwa zaidi ya mara elfu, na ni zilezile hata ukibadilisha gesi au chuma. Kumbe kile kisichogawanyika kimegawanyika! Ndiyo elektroni. Akaichora atomu kama keki: unga wa chaji chanya, elektroni zimekaa ndani kama zabibu. Wakampa Nobel mwaka 1906. Mwaka 1937 mwanawe, George, naye akapewa Nobel, kwa kuonyesha kwamba elektroni hutenda kama wimbi. Baba kasema chembe, mtoto kasema wimbi, na wanafizikia wanasema wote wako sahihi. Kwangu mtoto wa namna hiyo angelala nje.

Nikae kidogo kwa Ernest Rutherford, mtoto wa mkulima kutoka New Zealand, maana hapa uchokozi wa wapimaji unaonekana waziwazi. Alishakuwa na Nobel ya 1908. Angestarehe. Badala yake, mwaka 1909 akawaweka Hans Geiger na Ernest Marsden, kijana wa miaka 20 ambaye bado anasoma, warushe chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba za metali. Wanakaa gizani mpaka macho yazoee. Kisha jicho kwenye hadubini: kila chembe ikigonga kioo kilichopakwa salfidi ya zinki, nukta ya mwanga inawaka na kuzima. Wanahesabu. Moja. Nyingine. Nyingine. Kazi hiyo Rutherford mwenyewe ilimshinda uvumilivu, akamwachia Geiger. Hapo tu ndipo ninapomheshimu.

Kwa keki ya Thomson, chembe zote zilipaswa kupenya. Nyingi zilipenya. Lakini kwenye platinamu, moja hivi katika kila 8,000 ilirudi ilikotoka. Mimi nikiona 7,999 zimepita na moja imerudi, natangaza kwamba zimepita. Rutherford akaing'ang'ania ile moja hadi 1911, akasema karibu uzito wote wa atomu umesongamana katika kiini kidogo kuliko atomu kwa maelfu ya mara. Yaani kifua hiki mnachokiona kimetuna, karibu chote ni utupu. Mke wangu hulisema hilo kila siku, tena bila platinamu.

Protoni, chembe chanya ya ndani ya kiini, ikapata jina mwaka 1920. Ila heliamu ilikuwa na chaji ya protoni mbili na uzito wa nne. Uzito uliobaki ni wa nani? Paris, Irène Curie na Frédéric Joliot waliona miale kutoka kwenye berili ikifyatua protoni kutoka kwenye nta, wakasema ni miale ya gama. James Chadwick akarudia, akapima, akakataa: ni chembe isiyo na chaji, yenye uzito kama wa protoni. Nyutroni! Na barua yake ya Februari 1932 aliipa kichwa kinachosema kwamba huenda ipo. Huenda! Umeshika nyutroni mkononi, unasema huenda? Wakampa Nobel 1935 hivyohivyo.

Tangu 1964 wanatuambia protoni nayo ina kwaki ndani. Nimewaruhusu.

Maswali sipokei, lakini naona kijana wa nyuma kanyoosha mkono. Sema, mwanangu. Ati nimejuaje? Nimejuaje nini? Kwamba mimi ni bingwa?

Ndugu zetu wa jikoni, pilau iko tayari?